Maji ya Kumpoza Homa

Juzi mjukuu wangu alitia kafuri katika sanduku langu la kanga, eti mende wasile nguo za bibi. Mtoto alikuwa na nia njema. Nilipofungua lile sanduku harufu ikanipiga usoni, nikamfokea mpaka akatoka nje analia, na mama yake akanijia juu kuniuliza kosa lake ni nini. Ningemwambiaje kwamba nimemfokea mtoto wake kwa sababu ya mwalimu wa dini aliyekufa zamani, ambaye hata kaburi lake silijui, na hata nikilijua siendi kulipalilia?

Wanangu huniambia, "Mama, mambo ya zamani yaache." Niyaache niyaweke wapi? Mimi ni Mkristo, nitakufa Mkristo, na kanisani nakaa benchi la mbele. Lakini hasira hii nimekaa nayo tangu nina miaka tisa na haijapungua hata punje. Wenzangu wa rika langu mliolelewa katika vigango vya pwani mnajua nasema nini, ila wengi wenu mmejifanya mmesahau.

Kijiji chetu kilikuwa kaskazini ya Bagamoyo, njia ya kwendea Mkange. Wakristo tulikuwa nyumba saba tu, waliobaki wote Waislamu, na hakuna aliyeona ajabu. Idi pilau lilikuja kwetu, Krismasi vitumbua vilikwenda kwao. Kanisa la kigango chetu lilikuwa banda la udongo lililoezekwa makuti. Padri alikuja mara moja kwa mwezi na baiskeli yake, akasoma misa, akaungamisha watu, akaondoka. Siku nyingine zote mwenye kanisa alikuwa Mwalimu Dominiko, katekista. Yeye ndiye aliyetufundisha watoto dini, ndiye aliyeongoza sala, ndiye aliyezika. Alikuwa mtu safi, shati jeupe siku zote, sauti nzuri ya kuimba. Nasema na mazuri yake, msije mkasema nimempunja.

Mama yangu alikuwa mmoja wa akina mama waliohudumia wagonjwa. Kila Jumamosi baada ya rozari walikaa barazani pa kanisa wakagawana: huyu wangu wiki hii, yule wako. Hawakuuliza mgonjwa anasali wapi. Walimtekea maji, walimpasulia kuni, walimfulia, walimpikia uji. Kuhubiri hawakuhubiri. Mama hakujua kusoma, na kusimama mbele za watu kulimtia haya. Alikuwa akisema mtu aliyelala kwenye mkojo wake hana haja ya maneno, ana haja ya kugeuzwa. Basi hiyo ndiyo ilikuwa dini aliyoitangaza, na watu waliiona, na walimheshimu kwayo. Mtaani akipita, wazee wa kiume walianza wao kumsalimu.

Mgonjwa ambaye mama alimchukua na hakumwacha tena alikuwa Bibi Mwanahawa. Alikuwa amepooza upande mzima wa kulia, na watoto aliozaa wote walikuwa wamekufa. Amebaki na mtoto wa dada yake, Shomari, mkulima wa Fukayosi, ambaye alikuja alipopata nafasi na mfuko wa mahindi mgongoni. Majirani walimletea chakula, hawakumtupa hata siku moja. Lakini kumgeuza, kumwosha na kumsugua mgongo asipate vidonda, kazi hiyo mama aliijua vizuri kuliko wote, kwa sababu mama yake mwenyewe alikufa kwa ugonjwa ule ule. Akaenda kila siku kwa miaka mitatu. Siku za mwanzo nilimsindikiza, baadaye nikawa naenda hata mwenyewe, maana nyumba ile niliipenda.

Siku ya kwanza kabisa mama alipopiga hodi, Bibi Mwanahawa alimtazama kwa lile jicho lake zima, akasema, "Mama Skola, mikono yako naitaka. Dini yako kaa nayo."

Mama akacheka. "Na mimi yangu siigawi, bibi. Nikikupa wewe nitabaki na nini?"

Bibi naye akacheka, nusu ya uso ikipanda na nusu ikibaki pale pale. "Haya. Umesema mbele ya mtoto wako. Shahidi yupo."

Hilo ndilo patano lao, na sikuwahi kusikia mama akilivunja. Wakati mwingine waliongea mambo ya dini, tena sana. Bibi alisema, "Huyo Bi Mariamu wenu mimi namjua, yumo kwenye Msahafu wetu. Alizaa peke yake chini ya mtende, maskini." Mama akasema, "Kwetu alizaa zizini." Wakabishana kidogo kama wanabishania shangazi ya mtu, kisha mama akamgeuza upande wa pili.

Mimi aliniita mke mwenza. Ndio utani wa bibi na mjukuu, mnaujua. Nikiingia tu, "Shikamoo bibi," yeye, "Marahaba mke mwenza, umekuja kuninyang'anya mume?" Mumewe, Mzee Ramadhani, alikuwa amekufa kabla mimi sijazaliwa. Nikajibu, "Nimekuja kumpikia, wewe huwezi tena." Alicheka mpaka akakohoa. Ilikuwa miaka ya vita vya pili, nguo ni adimu, wanawake wanavaa kaniki zenye viraka juu ya viraka. Na yeye ndani ya kasha lake alikuwa na jora la merikani nyeupe, mpya, aliyonunua kabla ya vita, imekunjwa pamoja na vipande vya kafuri na chupa ya marashi. Siku moja alinifungulisha kasha nione.

"Bibi, kwa nini hushoni gauni?"

"Gauni? Hii ndiyo nguo yangu ya safari, mke mwenza. Wamekuja watu kuinunua, nimewafukuza. Siku yangu ikifika nitavikwa hii, nilazwe ubavuni kwa mume wangu, nimuulize kwa nini aliniachia kazi yote peke yangu."

Nikamwambia na mimi nitakuja kumuuliza. Akanipiga kofi dogo la shavu kwa mkono wake mzima.

Sasa nije kwa Mwalimu Dominiko.

Kwenye darasa la dini alikuwa na picha kubwa ya karatasi ngumu, aliyopewa misheni, ya moto wa milele. Aliitundika ukutani tuitazame. Ilikuwa na watu wengi wameinua mikono, wamepanua midomo, ndimi za moto zimewafika kiunoni. Kwenye pembe ya chini kulikuwa na mwanamke mzee aliyejifunika kitambaa kichwani, uso umepinda upande mmoja. Mchoraji alimpinda kwa sababu analia, nadhani. Lakini mimi nilijua uso umepinda upande mmoja ni wa nani. Nilikaa darasani namtazama yule mwanamke mpaka machozi yakanitoka, na sikumwambia mtu. Niliamini misheni wameshaletewa habari kutoka kwa Mungu, na wameshamchora.

Nikamuuliza mwalimu, mtu mwema asiyebatizwa anakwenda wapi. Akanyoosha kifimbo chake kwenye picha. Alinyoosha tu.

Kisha akaanza kutufundisha ubatizo wa hatari. Mnaukumbuka? Mtu akiwa anakufa na padri hayupo, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza, hata mwanamke, hata mtoto. Mwalimu aliweka nazi iliyofuliwa juu ya meza, akasema, "Hiki ni kichwa cha mgonjwa." Tukapanga mstari, mmoja mmoja, na kikombe cha maji. Maji lazima yatiririke, usipakaze tu. Na huku maji yanapita useme, "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Ile nazi tuliibatiza mwezi mzima. Tulicheka, tukasukumana, tukaipa majina. Mimi nilikuwa hodari kuliko wote, maji yangu yalikwenda sawasawa bila kulowesha meza, na mwalimu akanisifu mbele ya wenzangu.

Akatuambia, "Nyinyi watoto mnaingia nyumba ambazo mimi sifunguliwi mlango. Mnaona wagonjwa. Si lazima useme kwa sauti kubwa. Midomo ikitikisika inatosha." Alisema hivyo akinitazama mimi. Kijiji kizima kilijua nyumba gani mimi naingia.

Hebu fikirieni. Mtu mzima, amesoma misheni miaka minne, ana mke, ana watoto, anawaambia hivyo watoto wa miaka tisa! Na somo lile lilikuwa na sehemu ya pili, ambayo aliijua kama jina lake. Hakutufundisha.

Masika yale Bibi Mwanahawa alishikwa na homa. Siku ya tatu hakula. Shomari akaitwa kutoka Fukayosi. Mchana mmoja mama alikwenda mtoni kufua mikeka, Shomari amekwenda kuoga, mimi nikaachwa na bakuli la maji na kitambaa. Mama aliniambia, "Loweka, kamua, umwekee kwenye paji la uso. Kikipata moto, loweka tena." Nikafanya hivyo mara mbili tatu. Bibi alikuwa anapumua kwa shida, jicho limefumba, na nilipomtazama nilimwona yule wa kwenye picha.

Nikaweka kitambaa chini. Nikachota kwa kata. Nikamwagia kwenye paji la uso pole pole, yakatiririka kama yanavyotakiwa, na midomo yangu ikatikisika.

Bibi akafumbua jicho. "Mke mwenza," akasema, "mbona unamwaga? Maji ya nini haya?"

Nikasema, "Ya kukupoza homa, bibi."

"Aa. Haya." Akatafuta mkono wangu, akaushika. "Mungu akupe umri." Akafumba jicho tena.

Niliona raha isiyo na kifani. Nilidhani nimemtoa kwenye moto kwa mkono wangu mwenyewe. Mama aliporudi nikakimbia mpaka kwa Mwalimu Dominiko, nikampa habari nikihema. Akanikalisha kwenye kiti chake, akanipa kipande cha sukari guru na medali ya Bikira Maria yenye uzi wa buluu. Akauliza mambo mengi: maji yalitiririka? Maneno yote ulisema? Akafungua daftari, akaandika, akasema jina la bibi sasa ni Anna. Hakuniuliza mgonjwa alisema nini. Halafu akanishika bega: "Usimwambie mama yako kwanza. Mama yako ana moyo laini, hataelewa."

Siku hiyo sikuona kitu. Leo naona. Mwizi ndiye husema usimwambie mama.

Bibi alikufa siku ya pili alfajiri. Kulipopambazuka kijiji kizima kilikuwa uwanjani. Wanawake ndani walikuwa wanatayarisha maji ya kumwosha, kasha limefunguliwa, na harufu ya kafuri ikatoka mpaka nje tulikokaa. Mama alikuwa amekaa chini na wanawake wengine, kanga kichwani, analia kwa sauti. Kaburi lilikuwa linachimbwa ubavuni kwa Mzee Ramadhani.

Mara akaja Mwalimu Dominiko. Shati jeupe. Nyuma yake wanaume wanne wa kigango wamebeba jeneza la mbao, na msalaba wa mti umelazwa juu yake. Kwanza wengine walidhani amekuja kutoa pole.

Akamwamkia Shomari kwa adabu, akampa mkono wa pole, akasema, "Ndugu yangu, marehemu ni wetu. Alibatizwa jana kabla ya kukata roho. Jina lake Anna. Sheria ya kanisa ni azikwe kwenye makaburi ya Wakristo. Tumekuja kumchukua."

Shomari alikuwa na jembe mkononi, ametoka kaburini. Akamtazama kama hajasikia. "Nani kambatiza?"

"Mashahidi wapo. Skola! Njoo mwanangu. Usiogope, waambie."

Mungu wangu. Nilikwenda. Nilikwenda nimeinua kichwa, medali kifuani, kwa sababu nilikuwa bado naamini nimefanya jambo jema na kwamba wote watafurahi wakijua. Nikasema, "Ndiyo, nilimbatiza." Nikaongeza, "Maji yalitiririka."

Sijasikia tena maishani mwangu kelele kama ile. Wanawake waliokuwa ndani walitoka mlangoni na mikono inadondosha maji. Mwanamke mmoja akajipiga mapaja. Shomari hakunigusa, hakunitazama hata. Alimgeukia mama yangu.

"Mama Skola! Miaka mitatu! Miaka mitatu tumekuachia mzee wetu, nakusifu kwa watu mpaka Fukayosi, kumbe hii ndiyo kazi uliyotumwa?"

Mama alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa umekufa. Alinijia, akachuchumaa mbele yangu, akanishika kidevu. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Bibi alikwambia anataka?"

"Hapana."

"Alikuwa macho?"

"Alifumbua."

"Akasema nini?"

Hapo ndipo kitu kilipoanza kuniingia, sijui kutoka wapi. Mama akakivuta kidevu. "Akasema nini, Skola? Sema wasikie."

"Aliuliza maji ya nini."

"Ukamjibu?"

"Nikamwambia... ya kukupoza homa."

Mama akaniachia, akasimama, akamgeukia Mwalimu Dominiko. Nimewaambia kusimama mbele za watu kulimtia haya. Siku ile alipaza sauti mpaka mishipa ikamtoka shingoni.

"Mwalimu. Mimi nilibatizwa mtu mzima, wewe ndiye uliyenifundisha. Ulinisimamisha nje ya mlango wa kanisa, ukaniuliza wataka nini. Nikasema nataka ubatizo. Ukaniambia sema tena. Nikasema tena. Ukaniuliza mara tatu, ukaniambia kama sitaki kwa moyo wangu mwenyewe maji yale ni maji tu, hata padri akinimwagia pipa zima. Ulisema hukusema?"

"Mama Skola, si mahali pake hapa."

"Ulisema hukusema?"

"Rehema ya Mungu ni kubwa kuliko..."

"Sikuulizi rehema! Nakuuliza ulijua? Mtu mzima asiyetaka habatiziki, na wewe ulijua, ukamtuma mtoto wangu?"

Mwalimu akatazama wale wanaume wanne. Mmoja alikuwa ameshaweka upande wake wa jeneza chini. Akasema kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa karibu, niliisikia vizuri: "Unatuaibisha mbele ya watu hawa."

"Watu hawa ndio tuliowaambia tunawapenda," mama akasema. "Beba jeneza lako."

Wakaondoka. Walilibeba lile jeneza tupu katikati ya kijiji, msalaba unagongagonga kifuniko, na watoto wakawafuata kwa kuzomea. Bibi Mwanahawa akaoshwa na wanawake wenzake, akavikwa merikani yake, akasaliwa, akalazwa ubavuni kwa mumewe kama alivyotaka. Hilo mama alilipata. Hilo peke yake.

Maana maji ya kuoshea yalipopungua, mama alichukua ndoo akaenda kisimani kama alivyofanya siku zote, akairudisha imejaa. Mwanamke aliyekuwa mlangoni, Bi Zuhura, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akamzuia kwa mkono. Hakumtukana. Alisema, "Maji tunayo, Mama Skola. Yako yaache." Mama akasimama na ndoo yake kichwani. Kisha akaenda kuimwaga kwenye migomba, mbali na mlango, mtu yeyote asije akadhani ameyaingiza.

Jumatatu iliyofuata akatoka kama kawaida kwenda kwa wagonjwa wake. Alikuwa na watatu. Mlango wa kwanza, hodi, kimya, na watu wanasikika ndani. Mlango wa pili, sauti ikatoka, "Tumepoa, Mama Skola, Mungu akulipe." Kulikuwa na mtoto analia ndani kwa maumivu ya masikio, nilimsikia mimi. Mlango wa tatu hakuufikia. Kwa miezi mingi hakuna mama wa kigango aliyefunguliwa mlango katika kijiji kile, na wagonjwa waliokuwa wakigeuzwa hawakugeuzwa. Mmoja wao, mzee wa kiume mwenye kidonda cha mguu, alikufa mvua za vuli. Sijui kama angepona. Najua kidonda chake kilikuwa kinaoshwa, kisha hakikuoshwa.

Padri alipokuja alisikiliza kila upande. Mwalimu Dominiko akaambiwa bidii yake imepita kiasi. Basi. Bidii! Mwaka haukuisha akahamishiwa kigango kikubwa zaidi, upande wa Lugoba, akapewa na baiskeli. Mama naye aliambiwa apumzike kidogo huduma ya wagonjwa mpaka mambo yapoe, kwa kuwa alimfokea mwalimu wa kanisa mbele ya wasio Wakristo. Akapumzika. Hakuna aliyemwambia tena aanze. Jumamosi baada ya rozari wenzake walikaa barazani kama zamani, hawana wa kugawana, na mama alipita akienda zake nyumbani.

Na mimi? Mimi nilikwenda kuungama. Nilipiga magoti, nikamweleza padri kwamba nilimdanganya mtu anayekufa. Akaniuliza kama nilikuwa na nia mbaya. Nikasema hapana. Akanipa malipizi ya Salamu Maria tatu. Tatu! Nilizimaliza kabla sijafika mlangoni. Nikasimama pale nje nikasubiri nijisikie mwepesi, kama tulivyofundishwa, na sikujisikia.

Nikaenda nyumbani. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda uani, anachambua mchele kwenye ungo. Tangu siku ya mazishi hakuwa amenipiga, wala kunifokea, wala kuniita jina langu. Alinipa chakula, alinisuka, alinifunika nikilala. Nikapiga magoti mbele yake kwenye vumbi.

"Mama, nisamehe."

Hakuinua uso. Akatoa chuya, akatupa. Akatoa nyingine.

"Mimi hukunidanganya," akasema.

"Mama, padri kasema nimesamehewa."

"Padri naye hukumdanganya." Akautikisa ungo, mchele ukakusanyika upande mmoja. "Aliyekuuliza swali ni mmoja. Akakuamini, akafumba jicho. Huyo ndiye wa kumwomba, na mimi sina ruhusa ya kujibu kwa niaba yake. Hata ningetaka."

Nikaanza kulia kwa sauti, kile kilio cha mtoto anayetaka kubebwa. Mama aliacha kuchambua. Nikadhani sasa ataniita, atanivuta, atanifuta machozi kwa ncha ya kanga kama alivyozoea.

"Inuka," akasema. "Kawashe moto. Baba yako anarudi na njaa."

Nikainuka nikaenda kuwasha moto.